Mbwa akianguka degedege au akipooza: lini atibiwe Dodoma, lini umtafutie daktari bingwa wa mishipa ya fahamu

Mbwa anayeyumba, anayepiga degedege au anayeburuta miguu ya nyuma hutia hofu nyumba nzima, na hofu hiyo ndiyo inayoleta maamuzi mabaya. Mmoja atasema karogwa, mwingine atataka apigwe sindano ya ng'ombe, wa tatu atataka apakiwe garini usiku huohuo apelekwe Dar. Mwongozo huu ni kwa mwenye mbwa wa Dodoma na wilaya zake, kuanzia mkazi wa Ilazo au Nzuguni mwenye German Shepherd wa ulinzi hadi mfugaji wa Bahi ambaye mbwa wake hushinda machungani.

Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ya wanyama ni daktari wa mifugo aliyeongeza miaka ya mafunzo baada ya digrii yake, akajikita kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva. Kwa mtu wa Dodoma, bingwa wa namna hiyo yuko mbali. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kutazama mbwa anavyotembea, anavyogeuka na anavyoshtuka, kisha kusema tatizo limekaa wapi. Video na majibu ya vipimo vinaweza kumfikia kabla mbwa hajapanda gari. Ndiyo maana nashauri kesi itangulie na mbwa afuate akiitwa. Isipokuwa kwa hali chache za dharura ambazo nitazitaja, mpango huu unamfaa mbwa na mfuko wako pia.

Hatua ya 1: Kabla hujamshika, fikiria kichaa cha mbwa

Katika nchi yetu, mbwa yeyote ambaye hana chanjo ya kichaa, au ambaye chanjo yake imepita muda, akianza kuonyesha dalili za ubongo achukuliwe kuwa ana kichaa mpaka daktari aseme vinginevyo. Sisemi hivi kukutisha. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu.

Watu wengi wanamjua mbwa wa kichaa kuwa ni yule mkali anayekimbia ovyo na kung'ata kila kitu. Wapo pia wanaopooza kimyakimya, na hao ndio wanaotudanganya. Taya linalegea, mdomo unabaki wazi, mate yanachuruzika, sauti inabadilika, mbwa anatamani maji lakini hawezi kumeza. Mwenye nyumba akimwona hivyo hudhani mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo kamwe. Mbwa mwenye taya lililolegea, afungiwe peke yake mahali penye kivuli, watoto wasimkaribie, na umpigie simu daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata aje amwone palepale.

Ikiwa amekwisha kumng'ata mtu, au mate yake yamegusa kidonda au macho, osha mara moja kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kidonda kwa sabuni pia, macho kwa maji matupu, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Mbwa akiwa hai afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akifa ndani ya muda huo, usimzike wala usimchome moto kabla ya kutoa taarifa, kwa sababu kichwa chake kinahitajika maabara.

Kadi ya chanjo ndiyo karatasi ya kwanza kuulizwa popote utakapompeleka. Kama huijui iliko, itafute leo, mbwa akiwa mzima.

Hatua ya 2: Kama anapiga degedege sasa hivi

Tazama saa. Hili linakuja kabla ya maji, kabla ya kuita majirani. Degedege nyingi huisha ndani ya dakika mbili au tatu, ingawa kwa anayetazama huonekana kama nusu saa. Ikipita dakika 5 bila kukoma, ni dharura: mpeleke kwa daktari aliye karibu zaidi, yeyote mwenye dawa ya kutuliza degedege. Ni dharura pia akianguka mara ya pili kabla fahamu hazijarudi, au akianguka mara mbili na zaidi ndani ya saa 24.

Ondoa viti, matofali na ndoo zilizo karibu naye. Kama yuko ukingoni mwa ngazi au shimo, msogeze kwa kumvuta miguu ya nyuma au kwa kumfunika blanketi. Usimtie kijiko mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, ila vidole vyako anaweza kuvikata bila kujua. Usimnyweshe maji, maziwa wala mafuta. Punguza kelele, funga pazia, zima redio. Kama degedege imerefuka na mwili unawaka moto, mwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, usitumie barafu.

Mtu wa pili ndani ya nyumba ashike simu na kurekodi. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo yoyote utakayotoa baadaye.

Degedege ikikoma, mbwa huamka akiwa amechanganyikiwa. Anaweza asione, akajigonga ukutani, akazunguka ua bila kuchoka, akala kwa pupa. Hali hiyo hudumu dakika kadhaa hadi saa kadhaa, mara nyingine siku nzima. Katika kipindi hiki mbwa mpole kuliko wote anaweza kumng'ata mtoto aliyezoea kumpanda mgongoni. Mwache peke yake mpaka aitike jina lake.

Tofautisha na kuzirai kwa moyo. Mbwa aliyezirai hulegea badala ya kukakamaa, mara nyingi baada ya kukimbia au kusisimka, fizi zake hupauka, na baada ya sekunde chache huinuka akiwa na akili zake. Huyo tatizo lake si la neva.

Hatua ya 3: Ondoa yale yanayofanana na ugonjwa wa ubongo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea na ndipo mbwa wengi wangeweza kupona bila kutoka Dodoma. Kabla ya kuwaza bingwa, jiulize: huyu mbwa amekula nini, amepakwa nini, na amechomwa nini katika siku saba zilizopita?

Naanza na sindano, kwa sababu ndiyo inayofichwa. Ivamektini ya ng'ombe na mbuzi inauzwa kila duka la dawa za mifugo, na watu huwachoma mbwa kwa ajili ya kupe na ukurutu. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kwa mbwa wa kilo nane, kosa la nusu mililita ni kosa kubwa. Zaidi ya hapo, Collie wengi na jamii zao za mbwa wa kuchunga kondoo, pamoja na baadhi ya German Shepherd, wamezaliwa na kasoro inayoruhusu dawa hii kupenya hadi kwenye ubongo, hata kwa kiasi ambacho mbwa mwingine angekivumilia. Mbwa huyumba, mboni za macho hupanuka, haoni, anatoa mate, na akizidiwa hulala asiamke kwa siku kadhaa. Hakuna dawa ya kuiondoa moja kwa moja, lakini wengi huvuka wakihudumiwa vizuri: dripu, kugeuzwa, kulindwa wasipaliwe.

Dawa ya pili ni diminazini, ile ya unga wa njano inayochanganywa na maji kwa ajili ya ndorobo ya ng'ombe. Madaktari huitumia kwa mbwa wenye babesia (ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe) au ndorobo, na inasaidia. Shida ni kwamba kwa mbwa, umbali kati ya dozi inayotibu na dozi inayoumiza ubongo ni mdogo sana. Akizidishiwa, au akirudiwa mapema kwa sababu “ile ya kwanza haikufanya kazi”, ubongo unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani, na dalili zikajitokeza siku chache baadaye: anapepesuka, anakakamaa, macho yanacheza. Wakati huo kila mtu ameshasahau sindano. Kwa hiyo andika kwenye daftari tarehe na mililita za kila sindano mbwa anayochomwa, na mwombe anayechoma ampime uzito kwanza. Mzani wa bafuni unatosha: panda ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti.

Dawa za kuogeshea nazo zina yake. Dawa ya josho iliyochanganywa kwa kukisia, kisha mbwa akajilamba, inaweza kuleta mate mengi, kuhara, kutetemeka na kukakamaa. Muogeshe kwa sabuni na maji mengi, ukiwa umevaa glavu, kisha kwa daktari na chupa ya dawa mkononi. Baadhi ya sumu hizi zina dawa yake maalumu, na jina lililoandikwa kwenye lebo ndilo litakaloamua ni ipi. Hivyohivyo kwa nyama yenye sumu ambayo wezi hurusha juu ya ukuta: ukikuta mbwa wawili wameanguka usiku mmoja, fikiria sumu kabla ya kifafa. Beba mabaki ya nyama au matapishi kwenye mfuko. Maziwa na mafuta ya kula ambayo majirani watakushauri hayaondoi sumu, na kwa mbwa asiyejitambua huingia mapafuni.

Kupe wako katika kundi hili pia. Yule kupe wa kahawia anayeishi na mbwa hujificha kwenye nyufa za banda na ukuta, kwa hiyo kiangazi cha Dodoma hakimmalizi kama watu wanavyodhani. Magonjwa anayoleta huonekana kwa homa, fizi nyeupe, mkojo mweusi, kutokwa damu puani, na mara nyingine yanagusa ubongo. Mbwa anayefuata mifugo kwenye mapori yenye mbung'o anaweza kupata ndorobo. Angalia kama macho yameingia ukungu wa bluu. Tone la damu kwenye darubini linaweza kukuokolea safari ya hospitali ya wanyama ya Morogoro.

Mengine nayapitia haraka. Jike anayenyonyesha akianza kutetemeka na kukakamaa wiki chache baada ya kuzaa, damu yake imepungukiwa kalsiamu; anahitaji sindano ya mshipa siku hiyohiyo, na watoto wamwachie kwanza. Mtoto wa mbwa mdogo aliyelala njaa anaweza kuanguka kwa kukosa sukari. Mbwa aliyefungwa juani mchana wa Oktoba au Novemba anaweza kupata degedege kwa joto tu. Na mbwa aliyeng'atwa na swila au koboko anaweza kulegea mwili mzima hadi kupumua kukamshinda. Huyo asisubiri lolote.

Distempa inahitaji neno lake. Mbwa mchanga asiyechanjwa anaanza na makamasi, kikohozi na kuhara, watu wanadhani amepona, kisha baada ya wiki kadhaa taya au mguu mmoja unaanza kurukaruka wenyewe, hata akiwa usingizini. Pua na nyayo huwa ngumu. Virusi hivi ndivyo vilivyoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, kwa hiyo si ugonjwa mdogo. Hauna dawa ya kuua virusi. Anayetunzwa vizuri anaweza kuishi na ule mruko wa misuli maisha yake yote. Bingwa ataongeza kidogo sana hapa. Chanjo ingeongeza kila kitu.

Hatua ya 4: Mtazame mwenyewe, kwa utaratibu, huku ukirekodi

Kama mbwa ana chanjo, hana ukali wa ghafla na anameza vizuri, unaweza kufanya uchunguzi huu uani kwako.

Mtembeze asubuhi juu ya udongo laini, kisha angalia alama alizoacha. Mguu unaonyanyuliwa vizuri huacha unyayo safi. Mguu ambao neva zake zina shida huacha mchirizi mbele ya unyayo, kwa sababu kucha zimeburuzwa. Sasa mwinue mguu huo uangalie kucha mbili za katikati: kama zimelika upande wa juu, mburuzo huo haukuanza jana. Mbwa mwenye mwiba au goti bovu huchechemea na kuunyanyua mguu, lakini haburuzi kucha zake hivyo.

Kisha mshike tumboni asimame vizuri, ukunje unyayo mmoja ili mgongo wa unyayo uguse chini. Mbwa mzima huurudisha papo hapo, karibu kabla hujautoa mkono wako. Akiuacha umekunjwa sekunde mbili, tatu, au akausahau kabisa, ubongo haujui mguu uko wapi. Fanya kwa miguu yote minne na useme kwa sauti kwenye video: “mbele kushoto”, “nyuma kulia”. Kipimo hiki kimoja humwambia daktari mambo mengi.

Tazama uso. Macho yote mawili yanapepesa? Mboni zinalingana? Mdomo umelegea upande mmoja? Kichwa kimelala upande? Macho yanacheza yenyewe, na kama yanacheza, ni kulia na kushoto au juu na chini? Je, anazunguka upande mmoja tu, au anakandamiza kichwa ukutani?

Kuna jambo moja ambalo hata watu wazoefu hukosea. Mbwa aliyepooza akiminywa kidole cha mguu, mguu unaweza kujivuta, na familia ikashangilia kwamba anasikia. Mguu kujivuta si ushahidi wa hisia. Uti wa mgongo unaweza kuuvuta mguu bila ubongo kuwa na habari. Ushahidi uko usoni. Je, amegeuza kichwa, amelia, amejaribu kung'ata, macho yamebadilika? Mwachie daktari aminye, wewe tazama uso.

Usimkunje shingo wala mgongo mbwa anayelia akiguswa. Andika tu mahali alipolia.

Rekodi simu ikiwa imelala, mbwa akitembea kwa upande, akija kwako, na akienda. Dakika moja au mbili zinatosha. Unapoituma WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa hadi miguu isionekane sawasawa.

Hatua ya 5: Amua kasi

Kuna wa saa hiyohiyo. Mbali na degedege niliyoieleza, ni mbwa ambaye miguu imekataa ghafla, aliyegongwa na gari au bodaboda kisha akawa mzito wa fahamu au mboni zake hazilingani, na anayepoteza nguvu kutoka nyuma kuja mbele huku pumzi ikiwa fupi.

Kupooza miguu ya nyuma kunastahili kuelezwa zaidi. Sababu mojawapo kubwa ni gegedu la katikati ya pingili za mgongo kupasuka na kubana uti. Dachshund, yule mbwa mrefu wa miguu mifupi, na machotara wake ndio wanaoongoza, ila haiwabagui wengine. Mbwa anayeumwa mgongo lakini anatembea, au anayeyumba lakini bado anasikia maumivu kwenye vidole, ana nafasi nzuri hata bila upasuaji, mradi afungiwe kwenye eneo dogo wiki 4 hadi 6: hakuna kuruka, hakuna ngazi, hakuna kumfukuza paka. Mbwa ambaye hasikii kabisa kuminywa vidole yuko kwenye hali nyingine. Huyo akifanyiwa upasuaji mapema, ndani ya siku moja au mbili, karibu nusu yao hurudi kutembea. Akicheleweshwa, matumaini hupungua sana. Kwa hiyo simu ya bingwa ipigwe siku hiyo, si baada ya kujaribu sindano za maumivu kwa wiki nzima.

Ikiwa alikuwa anakimbia, akalia mara moja, akaanguka, na sasa upande mmoja umelegea kuliko mwingine lakini haumwi akiguswa na hazidi kuharibika baada ya saa 24, inawezekana mshipa mdogo wa damu wa uti umeziba. Hiyo haifanyiwi upasuaji. Mazoezi na uvumilivu ndiyo tiba.

Mbwa mzee aliyeamka kichwa kimelala upande, macho yanacheza kulia na kushoto, anaanguka na kutapika, wengi humwita wa kiharusi na kuomba auawe. Naomba msiharakishe. Mara nyingi ni kile kiungo cha mizani ndani ya sikio kimevurugika, na huanza kupata nafuu ndani ya saa 72, akatembea vizuri baada ya wiki mbili au tatu. Daktari amwangalie masikio, apewe dawa ya kichefuchefu, alishwe kwa mkono. Lakini macho yakicheza juu na chini, au fahamu zikawa nzito, au unyayo uliokunjwa haurudi, tatizo liko kwenye ubongo na hapo bingwa anahitajika.

German Shepherd wa miaka minane na zaidi anayeburuta nyuma polepole kwa miezi, bila maumivu, anaweza kuwa na ugonjwa wa uti unaooza taratibu, ambao hauna tiba. Lakini anayelia akiinuliwa mkia au akipanda gari anaweza kuwa amebanwa neva za kiunoni, na hilo linatibika. Wawili hawa wanafanana sana machoni, na kumwacha wa pili azeeke na maumivu kwa kudhani ni wa kwanza ni dhuluma. Hapa maoni ya bingwa yana thamani hata kama hakuna dharura.

Kuhusu kifafa: mbwa aliyeanza degedege akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 6, na ambaye katikati ya degedege hana kasoro yoyote, mara nyingi ana kifafa cha kuzaliwa nacho, na daktari wa mifugo wa Dodoma anaweza kumsimamia vizuri. Peleka kesi kwa bingwa kama ameanza nje ya umri huo, kama ana kasoro hata siku zisizo na degedege, au kama dawa mbili tofauti, kwa dozi sahihi, zimeshindwa. Takriban theluthi ya mbwa wenye kifafa hawatulizwi vizuri na dawa, kwa hiyo kufika hapo si uzembe wako wala wa daktari wako.

Hatua ya 6: Daktari wa karibu kwanza

Afisa mifugo wa kata ana kazi yake na mara nyingi ndiye anayefika kwanza. Ila kwa mambo ya ubongo na uti unahitaji daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na huna haja ya kuona aibu kumuuliza kama amesajiliwa. Mwombe apime uzito, joto, fizi, damu kwenye darubini, na sukari kama ni mdogo au ametoka kwenye degedege. Kama kuna uwezekano wa kupimwa ini na figo, vipimwe kabla ya kuanza dawa za kifafa.

Eksirei itaonyesha mfupa uliovunjika au kusogea. Haionyeshi uti wa mgongo wenyewe wala ubongo. Kwa hiyo ukiambiwa “eksirei iko safi”, maana yake mfupa uko safi, si kwamba mbwa hana kitu. Kipimo cha MRI ndicho kinachoonyesha uti na ubongo, na mbwa lazima alazwe usingizi. Wengi hawafiki huko, na bado wanatibiwa.

Hatua ya 7: Peleka kesi

Mwombe daktari wako awasiliane na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, ambako madaktari wa mifugo hufundishwa, na kupitia madaktari wenzake atafute bingwa atakayesoma kesi kwa mbali. Mawasiliano ya daktari kwa daktari huenda haraka kuliko yako peke yako. Ila ujumbe uandae wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeona. Uwe mfupi hivi:

“Daktari, habari za kazi. Niko Msalato, Dodoma. Mbwa wangu ni dume, German Shepherd, miaka 4, kilo 32. Chanjo ya kichaa na distempa ziko hai, nimeambatanisha kadi. Jumatatu saa 2 asubuhi ameanza kuyumba nyuma, jana ameshindwa kusimama. Anakojoa kidogokidogo. Alichomwa diminazini tarehe 3, mililita nimeandika chini. Hakugongwa. Majibu ya damu na video tatu ziko hapa. Naomba ushauri: nimlete leo au tumtibu hapahapa?”

Swali la mwisho ndilo muhimu. Usiulize tu “ana nini”.

Hatua ya 8: Safari, kama ameitwa

Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260, na mgongo uliovunjika haupendi matuta ya Kibaigwa na Gairo. Aliyepooza afungwe kwa shuka juu ya ubao au mlango wa zamani, asiviringike. Ondokeni alfajiri kabla ya jua. Asile saa kadhaa kabla, kwa sababu anaweza kulazwa usingizi, lakini maji apewe kidogokidogo kama anameza. Dawa za kifafa asikose hata dozi moja kwa sababu ya safari. Muulize afisa mifugo kuhusu kibali cha kusafirisha, na upige simu uliza gharama na malipo yanavyofanyika kabla hujawasha gari. Kugeuzwa mlangoni na mbwa mgonjwa ni jambo baya sana.

Hatua ya 9: Akirudi nyumbani

Mbwa wa kifafa akianza fenobabitali, dawa ya kuzuia degedege, ataipata mara mbili kwa siku, saa zilezile, miaka yote. Wiki za mwanzo atasinzia, atakunywa maji mengi, atakula kama hajawahi kula. Damu ipimwe baada ya wiki mbili hadi tatu, kisha kila miezi sita pamoja na ini. Usiikatishe ghafla hata kama ametulia mwaka mzima. Kuikatisha kunaweza kuleta degedege isiyokoma. Nunua nyingine kabla ya ile kuisha, hasa kuelekea sikukuu.

Mbwa aliyepooza alale juu ya godoro kavu, ageuzwe kila baada ya saa nne ili asipate vidonda. Kama hawezi kukojoa mwenyewe, kibofu kikamuliwe angalau mara tatu kwa siku. Mwombe daktari akuonyeshe kwa mkono wake, mkono wako ukiwa juu, mpaka uisikie ile duara laini kama chungwa ikipungua. Mkojo unaotiririka wenyewe akiinuliwa si dalili kwamba anakojoa. Mara nyingi ni kibofu kilichojaa kinachofurika. Ukibadilika harufu au rangi, mpigie daktari siku hiyo.

Na muulize bingwa waziwazi, mapema: tukiona nini ndani ya wiki mbili tuendelee, na tukiona nini tumpumzishe. Andika jibu lake ndani ya daftari lilelile la sindano, ili siku hiyo ikifika familia nzima iwe inasoma karatasi moja.